Mkopo wa Chuo Huanzia Sandukuni Nyumbani



Leo nataka tuzungumze habari ya karatasi. Najua baadhi yenu mtacheka na kusema: Karani naye, ana habari gani nyingine zaidi ya karatasi? Nivumilieni kidogo. Habari hii ya karatasi ni habari ya watoto wetu, nayo yaweza kumpeleka kijana chuoni au kumbakiza nyumbani.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2024, ukungu wa Mlima Meru ulikuwa haujainuka bado, nikasikia hodi katika ofisi ya parokia. Aliingia mama mmoja mjane, mkulima wa migomba na kahawa chache, ameteremka kwa miguu kutoka juu mlimani. Binti yake alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta makaratasi ya mtoto. Amepata chuo. Wameniambia apewe mkopo wa Serikali, na siku zinakwisha. Tugongee muhuri twende zetu."

Mama akafungua mfuko wa nailoni, akanipangia mezani vyeti vinne: cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na cheti cha kifo cha marehemu mumewe. Nikavisoma kimoja kimoja, na kadiri nilivyosoma ndivyo moyo wangu ulivyozidi kuwa mzito. Katika cheti cha ubatizo jina la baba lilipungua herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kilipatikana baadaye kwa kufuata cheti cha ubatizo, kwa hiyo kosa lile lile limo. Cheti cha kidato cha nne kilitumia jina la ukoo, ambalo halimo kabisa katika cheti cha kuzaliwa. Na cheti cha kifo kilikuwa na jina la ubatizo la marehemu pamoja na jina la babu. Kwa macho ya jirani, huyu ni mtoto mmoja na baba mmoja. Kwa macho ya mtu aliye mbali ofisini, asiyemjua mama huyu wala mlima wetu, hawa ni watoto watatu na baba watatu.

Nami sina budi kusema kweli: kosa la kwanza lilitoka katika ofisi yetu wenyewe. Aliyeandika daftari la ubatizo miaka ile aliandika alivyosikia, wala hakumsomea mzazi alichoandika. Herufi moja tu! Baada ya miaka karibu ishirini herufi ile ikamrudia mtoto.

Habari ya binti huyu nitaimaliza mwishoni. Kwanza tutazame mkopo huu ni kitu gani, na ni nani awezaye kuupata.

Bodi ya Mikopo na kazi yake

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliijua kuwa Bodi ya watoto wa vyuo vikuu tu. Mtoto aliyekwenda chuo cha kati kusomea stashahada alitegemea ng'ombe wa baba, kahawa ya mama, au huruma ya mjomba aliye mjini.

Hali hiyo ilibadilika katika mwaka wa masomo wa 2023/24. Mwaka huo Serikali ilitenga shilingi bilioni 48 za mikopo kwa wanafunzi wa stashahada. Lakini angalieni, si kila stashahada. Mkopo huo uliwekwa kwa masomo ya kipaumbele: afya na sayansi shirikishi, elimu na ualimu, usafiri na usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na sayansi ya ardhi, na kilimo na mifugo. Tena hata ndani ya fani hizo, si kila kozi imo katika orodha. Yako masomo ya afya yaliyomo na mengine yasiyokuwamo. Kwa sababu hiyo Bodi hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, na katika mwongozo kozi hutajwa kwa majina. Kijana asichague chuo kwanza halafu akatafuta mkopo baadaye. Asome mwongozo wa mwaka wake kabla ya kuchagua.

Na kwa sisi wa Arusha kuna jambo moja zaidi. Katika hotuba ya bajeti ya mwezi wa Juni 2023, Waziri wa Fedha alitangaza kufutwa kwa ada kwa vijana wanaojiunga na vyuo vitatu vya ufundi, na kimojawapo ni Chuo chetu cha Ufundi Arusha, kile kilichopo mjini tangu mwaka 1978. Basi mzazi ambaye mtoto wake ameitwa huko, kabla ya kumfungua ng'ombe kambani na kumpeleka mnadani, na aende kwanza chuoni akaulize: Kozi hii ya mwanangu ina ada au haina? Kuuliza si ujinga.

Ni nani awezaye kuomba?

Masharti makubwa si mengi, na yanaeleweka. Mwombaji awe Mtanzania, na umri wake usizidi miaka 35 siku anapoomba. Awe amekubaliwa katika chuo kinachotambuliwa na Serikali. Asiwe na mshahara wala mkataba wa kazi unaompa kipato. Awe amemaliza masomo yanayompeleka chuoni katika muda usiozidi miaka mitano. Na kama alikwisha kupewa mkopo zamani akaacha masomo, hana budi kwanza kurudisha robo ya fedha alizopewa.

Maombi hufanywa katika mtandao wa Bodi, kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na ukishailipa hairudi. Katika miaka ya karibuni dirisha la maombi limekuwa likifunguliwa mwezi wa Juni au Julai, na likifungwa baada ya muda uliowekwa. Likifungwa, hakuna wa kubisha hodi.

Sasa tusikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa ambacho kimehakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe vivyo hivyo. Kama ana ulemavu, yeye au mzazi wake, kuna fomu ya kutiwa sahihi na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kama kaya yao iko katika mpango wa TASAF, aandike namba ya kaya. Fomu ya maombi nayo hutiwa sahihi na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili anayeruhusiwa kuapisha. Tena awepo mdhamini, mwenye picha, kitambulisho na sahihi yake. Hili la udhamini si jambo la kumwazima mtu jina kwa mchezo. Anayeweka sahihi ajue anasimama nyuma ya deni la mtu mwingine.

Wengi huniuliza: Je, cheti cha ubatizo hakitoshi? Hapana, ndugu zangu, hakitoshi. Cheti cha ubatizo ni cheti cha Kanisa. Chaweza kumsaidia mtu aliyechelewa anapokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha shule ya msingi, lakini hakisimami badala yake. Na kama chetu kina kosa, hicho cha pili nacho kitazaliwa na kosa.

Umaskini usiofichwa, na umaskini usiobuniwa

Mkopo huu hugawiwa kwa kupima uhitaji. Fedha hazitoshi watu wote, na kwa hiyo hutazamwa nani hana uwezo zaidi: yatima, mwenye ulemavu, mtoto wa kaya maskini. Hapa nimeona makosa ya namna mbili, na yote mawili hutoka mioyoni mwetu.

Kosa la kwanza ni aibu. Sisi watu wa mlimani hatupendi kuonekana maskini. Mzazi anakaa mbele ya fomu, anaulizwa kazi yake, anaandika "mfanyabiashara", na biashara yenyewe ni kuuza ndizi sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi. Mwingine amekataa kutaja namba ya TASAF, kwa sababu hataki mtendaji aliyeko mezani ajue kwamba mtoto wake amelelewa kwa fedha za kaya maskini. Ndugu mzazi, mficha maradhi kifo humuumbua. Fomu haimhukumu mtu kwa kukosa mali. Inauliza hali yako, nawe uijibu kama ilivyo. Kama unauza ndizi, sema wauza ndizi. Ndizi hizo ndizo zilizomfikisha mtoto kidato cha sita; hazina aibu yoyote.

Kosa la pili ni kubaya zaidi. Siku moja alikuja ofisini bwana mmoja, nguo safi, simu mbili mezani. Alitaka nimwandikie barua ya parokia kwamba kijana anayemwombea ni yatima. Nikauliza, baba yake amefariki lini? Akainamisha kichwa, halafu akacheka kidogo. Baba wa kijana alikuwa ni yeye mwenyewe.

Tazameni, wapenzi wasomaji! Mtu mzima, mwenye afya, ananiomba nimzike kwa kalamu! Nilimwambia kwa heshima kwamba daftari la maziko lina mistari, lakini hakuna mstari wa kumwandika mtu anayepumua. Alikasirika akaondoka. Labda atanisoma leo, nami namtakia maisha marefu.

Kutoa habari za uongo katika maombi ni kosa la kisheria. Lakini hata tukiacha sheria, fikirini mtoto wa yule mjane. Fedha ni chungu kimoja. Anayejaza sahani yake kwa uongo amekula ya yatima wa kweli, na yatima huyo hatamjua kamwe aliyemnyang'anya. Anayemjua ni Mungu peke yake.

Deni ni deni

Jambo jingine lipasalo kusemwa wazi kabla kijana hajaweka sahihi ni kwamba fedha hizi si sadaka. Ni mkopo, na mkopo hulipwa. Dawa ya deni ni kulipa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba hesabu isiyoandikwa ubaoni haiingii kichwani. Basi tuandike. Tuseme kijana amekopa jumla ya shilingi milioni 8. Sheria, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, yasema akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Tuseme mshahara huo ni shilingi 800,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 120,000. Gawanya milioni 8 kwa 120,000, utapata miezi 66 na kitu, yaani zaidi ya miaka mitano na nusu. Ongeza asilimia moja ya gharama za uendeshaji, ambayo kwa mkopo huo ni shilingi 80,000, na itakuwa miezi 68. Asiyeajiriwa, anayejitegemea kwa biashara au shamba, naye hakusamehewa. Yapasa alipe kwa mwezi, si chini ya shilingi 100,000.

Zamani mzigo ulikuwa mzito zaidi. Kulikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na deni la wengi lilikuwa likikua huku wakilipa. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Kwa hiyo anayeogopa mkopo kwa sababu ya hadithi za kaka yake wa zamani, na apige hesabu upya.

Sisemi haya ili kuwatisha vijana. Nasema ili wafanye kama Bwana wetu alivyofundisha katika Injili ya Luka, katika mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu gharama. Kijana anayejua deni lake hatapoteza fedha za chakula kwa kununua simu ya fahari mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa pili akaandika nyumbani kwamba ana njaa.

Tuliijua nguvu ya karatasi tangu zamani

Labda mzee mmoja atasema: Mambo haya ya karatasi ni ya watu wa mjini, sisi wa Meru ni watu wa shamba. La, mzee wangu, samahani. Mwaka 1951, Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa, walifanya nini? Hawakushika mikuki. Waliandika hati ya malalamiko. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza habari yao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia nzima ilisikia jina la Meru, kwa sababu ya hati iliyoandikwa vizuri na michango ya watu wengi wadogo. Basi sisi wajukuu wao tutashindwaje na fomu ya mkopo?

Tufanye nini sasa?

Kwanza, mama na baba, leo jioni fungueni sanduku. Toeni vyeti vyote vya kila mtoto, vipangeni mezani, someni majina herufi kwa herufi. Msingoje kidato cha nne. Mtoto anapoandikishwa shule ya msingi, apeleke jina lile lile lililo katika cheti cha kuzaliwa, na jina hilo lisibadilike njiani kwa sababu mwalimu amependa jingine. Kabla ya kuandikishwa mtihani wa kidato cha nne, mzazi aone kwa macho yake jina litakalopelekwa. Cheti kikishatoka, kulirekebisha ni kazi kubwa.

Pili, majina yakitofautiana, msinyamaze mkitumaini kwamba hayataonekana. Nendeni RITA wilayani, nendeni kwa wakili, mfanye hati halali mapema. Kosa likiwa katika daftari la ubatizo, njooni parokiani. Kulitazama daftari na kusahihisha ni wajibu wetu, si hisani.

Tatu, hakikini vyeti miezi kadhaa kabla ya dirisha kufunguliwa. Mwezi wa Agosti foleni ni ndefu na mtandao huchoka kama punda wa Ngaramtoni siku ya soko.

Nne, kijana asiyejua kutumia mtandao asimpe mtu wa duka la mtandao namba zake za siri na kumwambia "nijazie tu". Akae kando yake, asome kila neno kabla halijatumwa. Ofisi ya kanda ya Bodi iko hapa hapa Arusha mjini. Mwenye swali akaulize huko, si kwa dalali wa mitaani anayedai kwamba ana "mtu wake ndani".

Tano, anayekosa, au anayepewa kidogo kuliko alivyotarajia, asikate tamaa. Bodi hutoa nafasi ya rufaa. Kata rufaa kwa ushahidi, si kwa machozi peke yake.

Mwisho wa habari ya binti

Sasa nirudi kwa yule mama. Siku ile mwaka 2024 hatukufaulu. Siku zilizobaki zilikuwa chache mno kwa vyeti vinne vinavyogombana. Binti alilia pale ofisini. Mama hakulia, alivikunja vyeti vyake, akavirudisha mfukoni, akaniuliza neno moja tu: "Mwanangu, tuanze wapi?"

Tulianza na daftari letu la ubatizo. Kisha wakaenda RITA, wakaenda kwa wakili. Safari zilikuwa nyingi, na nauli zilitoka katika ndizi. Mwaka mzima binti alikaa sokoni Tengeru na mama yake, wenzake wakiwa chuoni. Mwezi wa Juni 2025 vyeti vyote vilikuwa na majina yanayokubaliana, tayari vimehakikiwa. Akaomba tena chuo, safari hii akiwa na mwongozo mkononi, akachagua stashahada ya fiziotherapia. Akaomba mkopo wiki ya kwanza ya dirisha.

Alipata. Si fedha zote. Sehemu ya ada ilibaki juu ya mama, na ndama mmoja akauzwa. Lakini binti yuko chuoni, anajifunza kuwasimamisha tena watu waliolemaa viungo.

Jumapili moja mama alinikuta nje ya kanisa baada ya Misa. Alikuwa amebeba mjukuu mchanga, mtoto wa kijana wake mkubwa, aliyebatizwa siku ile. Akaniambia, "Karani, nisomee ulichoandika." Tukarudi ofisini, nikafungua daftari, nikamsomea jina la mtoto herufi kwa herufi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Sasa waweza kufunga kitabu."

Ndugu msomaji, nawe usikubali kitabu kifungwe kabla hujasomewa.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia
Arusha